Nyumba Njema si Mlango

Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa Kidato cha Sita yakiisha kutangazwa, maelfu ya vijana wa Tanzania huingia katika mashaka ambayo darasa halikuwafundisha namna ya kutoka. Kijana ameomba nafasi katika vyuo vikuu kadhaa, na viwili vimemkubali. Na achukuliwe, kwa mfano, kijana aliyesoma Historia, Jiografia na Uchumi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimempa nafasi ya kusomea ualimu. Chuo Kikuu cha Dodoma kimempa nafasi ya kusomea uchumi. Tume ya Vyuo Vikuu yamtaka athibitishe kimoja katika siku chache zilizowekwa, na nafasi ya pili aiachie. Kama kijana huyo angejua kazi aitakayo maishani, shauri lingekuwa jepesi. Walakini hajui. Ualimu haumchukizi wala haumvuti; uchumi alifaulu, lakini kufaulu somo si kulipenda, na kulipenda si kujua litampeleka wapi.

Hapo ndipo washauri wanapojitokeza, na kwa desturi huwa wa makundi mawili. Kundi la kwanza husema: chagua jina. Mlimani ni Mlimani. Hata ukisomea usichokitaka, jina la chuo litakubeba. Kundi la pili husema: chagua kazi kwanza, na chuo kitafuata, mtu asiyejua kazi yake hana haki ya kukalia kiti cha chuo kikuu, kwani anamnyima nafasi mwenzake ajuaye. Makundi haya mawili hugombana sebuleni na barazani kana kwamba ni mashariki na magharibi. Ukweli ni kwamba yamekosea kosa moja. Yote mawili yanaona kutojua kwa kijana kuwa ni ugonjwa wa kufichwa upesi, la kwanza kwa joho la jina, la pili kwa joho la kazi. Hakuna hata moja linalouliza ni chuo gani, kati ya hivyo viwili, kitakachomsaidia asiyejua apate kujua.

Kabla ya kumlaumu kijana kwa kutojua, yafaa kuuliza angejulia wapi. Amemaliza Kidato cha Nne akiwa na umri wa miaka 16 au 17, akatakiwa kuchagua tahasusi ya masomo matatu, na kwa uchaguzi huo milango mingi ikafungwa nyuma yake kabla hajaiona. Aliyechukua Historia, Jiografia na Uchumi ameuaga utabibu milele, wala hakuna aliyempeleka hospitalini hata siku moja amwone tabibu kazini. Mwaka 2024 Serikali ilitangaza kuongeza tahasusi kutoka 16 hadi 65. Ni jambo jema, lakini kumwongezea njia msafiri aliyefungwa macho si kumfungua macho. Mtoto wa mvuvi ameona uvuvi, mtoto wa mkulima ameona kilimo, na wote wawili wamemwona mwalimu, muuguzi wa zahanati na karani wa ofisi ya kijiji. Kazi nyingine zote wamezisikia kwa majina tu. Kumtaka mtu wa namna hii atangaze kazi ya maisha yake yote kwa kujaza nafasi iliyo wazi katika fomu ni kumtaka aoe kwa kusoma orodha ya majina. Akisema hajui, amesema kweli. Na jamii inayomwonea aibu kwa kusema kweli inamfundisha uongo siku ya kwanza ya elimu ya juu.

Mazoea ya kudhani kwamba chuo na kazi ni kitu kimoja yana asili yake, na asili hiyo haikuwa upumbavu. Kulikuwa na wakati ambapo jambo hilo lilikuwa kweli. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961, katika jengo la TANU la mtaa wa Lumumba, kwa kitivo kimoja tu cha sheria na wanafunzi ambao hesabu yao haikufika 20. Mwaka 1963 kiliungana na Makerere na Nairobi kuwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Nchi tatu maskini ziligawana mzigo: aliyetaka sheria alikuja Dar es Salaam, aliyetaka utabibu au kilimo alikwenda Makerere, aliyetaka uhandisi alikwenda Nairobi. Katika miaka hiyo ya mwanzo kuchagua mji kulikuwa ni kuchagua kazi, na kuchagua kazi kulikuwa ni kuchagua mji. Aliyeshuka katika gari la moshi Kampala na kitabu cha elimu ya viungo mkononi hakuhitaji kuulizwa atakuwa nani.

Mpango ule ulikwisha mwaka 1970, kila nchi ilipochukua chuo chake. Tangu hapo kila chuo kilifungua milango iliyokuwa ya mwenzake, na baadaye vyuo vipya vikazaliwa: Sokoine kule Morogoro mwaka 1984, Chuo Kikuu Huria katika miaka ya 1990, Mzumbe kikapewa hadhi ya chuo kikuu mwaka 2001, Dodoma kikaanza mwaka 2007. Leo sheria, uchumi, ualimu na elimu ya kompyuta vyafundishwa Dar es Salaam na vyafundishwa Dodoma. Jina la mji halitangazi tena kazi ya mtu. Hata umbali uliokuwa ukitisha wazazi wa pwani umepungua uzito, kwani tangu mwaka 2024 treni ya umeme huunganisha miji hiyo miwili kwa saa chache. Lakini mashauri yamebaki yale yale ya mwaka 1963. Wazee wanampa kijana ramani ya nchi ambayo haipo, kisha wanamshangaa akipotea.

Sasa na yapimwe mashauri yenyewe, na kwanza lile la jina. Hapana shaka jina jema hung'ara gizani, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimelipata jina lake kwa haki. Walter Rodney alifundisha pale, na kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidhoofisha Afrika kilitoka mwaka 1972 yeye akiwa mwalimu wa chuo hicho. Kiswahili kimefanyiwa utafiti pale tangu mwaka 1964, na waandishi kama Euphrase Kezilahabi na Ebrahim Hussein walipita katika madarasa yale. Heshima hiyo ni ya kweli. Lakini ni heshima ya waliofanya kazi, nayo hairithiwi kwa kulala katika bweni walilolala. Mgeni anayeingia leo anakuta kuta. Yaliyofanywa ndani yake aweza kuyafanya au kuyaacha, kama ambavyo aweza kuyafanya au kuyaacha Dodoma.

Wapenda jina husema waajiri hulitazama. Wapo wa namna hiyo, hasa katika makampuni, wala si busara kukana. Lakini kijana wa Kitanzania anayetafuta kazi ya Serikali hupita katika Sekretarieti ya Ajira, na pale hufanya usaili wa kuandika na wa mdomo. Karatasi ya usaili haimpi mtu alama kwa sababu ya kilima alichosomea. Aliyesomea ualimu shingo upande kwa miaka mitatu, kwa kuwa tu ulikuwa wa Mlimani, atakutana mezani na mwenzake aliyesoma kwa moyo mahali pasipo na sifa, na hapo jina litakuwa limekwisha kazi yake.

Tena historia ya Afrika Mashariki yenyewe inawasuta waabudu majina. Ali Mazrui wa Mombasa alimaliza shule akiwa na daraja la tatu, na Makerere, chuo kilichokuwa na jina kuliko vyote katika sehemu hizi, hakikumpokea. Akawa karani. Baadaye alipata nafasi Uingereza, akachukua shahada yake ya kwanza Manchester mwaka 1960, akaendelea Columbia na Oxford. Miaka ya 1960 haikwisha kabla hajawa profesa wa elimu ya siasa, na chuo alichokuwa profesa wake ni Makerere ile ile iliyomkataa. Mlango uliofungwa haukumpunguza, na kama ungefunguliwa, kufunguliwa peke yake kusingemwongeza. Wahenga walikwisha kulisema jambo hili kwa maneno machache: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Shauri la pili, la kuchagua kazi kwanza, lina sura ya hekima zaidi, na kwa hiyo lina hatari zaidi. Wanaolitoa hutazama soko: kazi gani ina ajira leo? Kisha humwambia kijana aikimbilie. Wanasahau kwamba shahada nyingi huchukua miaka 3, uhandisi 4, utabibu 5, na soko halimngojei mtu kituoni. Palikuwa na miaka ambapo mwenye shahada ya ualimu alikuwa na hakika ya kupangiwa kituo cha kazi mara amalizapo chuo. Vijana wengi wakashauriwa kwa hakika hiyo, na wengi wakahitimu wakakuta hakika imeondoka. Aliyeuchagua ualimu kwa kuupenda alibaki na upendo wake, akafundisha popote palipopatikana. Aliyeuchagua kwa sababu ya ajira tu alipokosa ajira alibaki mikono mitupu, kwani hakuwa amechukua kitu kingine chochote pale chuoni.

Wenye shauri hili hupenda kutaja watu wakuu waliojua tangu utotoni watakuwa nani. Na wamtazame Julius Nyerere. Alisoma Makerere kuanzia 1943 hadi 1945 akapata stashahada ya ualimu. Akafundisha Biolojia na Kiingereza katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora. Mwaka 1949 akaenda Edinburgh. Mwenye kufuata kanuni ya kazi kwanza angedhani mwalimu wa Biolojia alikwenda kuikamilisha Biolojia yake. Sivyo alivyofanya. Alisoma shahada ya sanaa, na ndani yake alikuwa na Kiingereza, uchumi wa siasa, anthropolojia ya jamii, historia ya Uingereza, historia ya uchumi, sheria ya katiba na falsafa ya maadili. Masomo saba, na hakuna hata moja lililokuwa jina la kazi. Alirudi mwaka 1952, akafundisha Pugu, na miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa. Hakuna ofisi ya ajira ya mwaka 1949 iliyokuwa na nafasi ya kazi aliyokuja kuifanya. Vyuo vya Uskoti vilikuwa na desturi ya kumwacha mwanafunzi apite katika masomo mengi kabla ya kujifunga na moja, na desturi hiyo ilimfaa mtu ambaye kazi yake ilikuwa haijapata jina.

Hapa mpinzani atasimama, naye astahili kusikilizwa, kwa sababu hoja yake ni ya watu maskini na si ya kubeza. Atasema: upana ni anasa ya matajiri. Mtoto wa mkulima wa Singida hana miaka ya kuzurura katika masomo saba. Baba ameuza ng'ombe, mama ameuza alizeti, wadogo zake wanangoja zamu yao; anatakiwa aingie, atoke, apate mshahara. Mwacheni mtoto wa tajiri atafute nafsi yake. Wa maskini atafute chakula.

Hoja hii ingekuwa na nguvu kama kusoma usichokitaka kungekuwa na bei nafuu. Lakini bei yake ni kubwa, na anayeilipa zaidi ni huyo huyo maskini. Kijana wa tajiri akikosea kozi, baba yake humlipia nyingine. Kijana wa mkulima husoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, na kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 mnufaika aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake mpaka deni liishe. Akikosea, hana mkopo wa pili wa kujisahihisha, na ule wa kwanza anaendelea kuulipa. Atakatwa kila mwezi kwa ajili ya elimu asiyoitumia katika kazi asiyoipenda, ikiwa kazi hiyo ameipata. Kwa hiyo maskini ndiye mwenye haja kubwa kuliko wote ya mwaka mmoja wa kuonja kabla ya kumeza. Anayemnyima mwaka huo kwa kisingizio cha umaskini wake anaufanya umaskini kuwa sababu ya kumzidishia umaskini.

Basi yule kijana mwenye nafasi mbili na afanye nini katika siku zake chache? Ayaache majina kando kwa saa moja, achukue kitabu cha mwongozo wa masomo cha kila chuo, akifungue mahali panapoonyesha masomo ya mwaka wa kwanza, na aulize maswali manne.

Swali la kwanza: je, kozi hii yaniruhusu kusoma masomo ya idara nyingine, na ni mangapi? Kozi ambayo masomo yake yote ni ya lazima na yote ni ya idara moja humfaa ajuaye. Kwa asiyejua ni kichochoro chenye mlango upande mmoja. Swali la pili: nikigundua mwishoni mwa mwaka kwamba nimekosea, je, naweza kuhamia kozi nyingine chuoni humo, kwa masharti gani, na ni wanafunzi wangapi waliokwisha kufanya hivyo? Sharti lililoandikwa bila mtu aliyelitumia ni mapambo ya karatasi. Swali la tatu: katika mwaka wa kwanza hufundishwa na nani, na darasa lina watu wangapi? Kijana asiyejua njia anahitaji mwalimu anayeweza kumwona uso, ampe kazi ya kuandika na kuirudisha ikiwa imesahihishwa. Ukumbi wa watu mia nane na kipaza sauti hautamwambia kwamba ana kipaji cha kutunga hoja au cha kuhesabu. Swali la nne: je, kozi hii itanitoa nje nikaione kazi? Mwalimu mtarajiwa hupelekwa mazoezi ya kufundisha, na hiyo ni faida ambayo wengi huidharau. Wiki chache mbele ya watoto hamsini humfunulia mtu kama ni mwalimu au si mwalimu kuliko mihadhara ya mwaka mzima.

Maswali haya hayajibiwi na jina. Yajibiwa na vitabu vya mwongozo, na zaidi na wanafunzi wa mwaka wa pili, ambao siku hizi hupatikana kwa simu. Huenda majibu yakaonyesha kwamba ualimu wa Dar es Salaam, ambao humpa mtu masomo ya kufundishia pamoja na elimu ya malezi, una upana kuliko uchumi wa Dodoma. Basi achukue Mlimani, wala asijivune. Huenda yakaonyesha kwamba uchumi wa Dodoma utamwachia nafasi ya takwimu, siasa na maendeleo ya jamii, na waalimu watakaomjua kwa jina. Basi achukue Dodoma, wala asione haya mbele ya binamu zake wa Kariakoo. Na kama mizani imelingana kabisa, achukue kile ambacho gharama ya kuishi haitamfanya alale na njaa, kwa sababu mwenye njaa hachunguzi kipaji chake.

Lakini haitakuwa haki kumaliza kwa kumpa kijana kazi peke yake, kana kwamba nyumba zenyewe hazina lawama. Wakubwa wa vyuo na waalimu wao ndio waliovigawa vitivo kuwa vyumba vyembamba. Kila idara hutaka kozi yenye jina lake, kila jina hurefushwa ili lifanane na tangazo la kazi, na kijana wa miaka 19 huambiwa achague kati ya majina ambayo hata mwenye duka la vitabu hawezi kuyatofautisha. Huku ni kuuza milango bila kuonyesha nyumba. Chuo kikuu kinachojiheshimu kingefanya mwaka wa kwanza kuwa mpana kwa kila mwanafunzi wa sanaa na wa sayansi ya jamii. Kingeweka mwalimu mmoja awe mlezi wa wanafunzi wachache, wala si wa mia. Kingeufanya uhamisho wa ndani kuwa haki ya kawaida badala ya msamaha wa kuombwa kwa magoti. Hayo hayahitaji majengo mapya. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipata maktaba kubwa mwaka 2018, kwa msaada wa Uchina. Dodoma ilijengwa kwa makusudio ya kupokea wanafunzi 40,000. Nafasi ya viti imetafutwa, nayo ni kheri. Nafasi ya kubadili nia bado haijatafutwa, ingawa hiyo haina gharama ya saruji.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika juu ya elimu ya kujitegemea, akaishutumu elimu iliyomfanya kijana angoje kuambiwa. Zaidi ya nusu karne imepita, na kijana bado anaambiwa: aambiwa tahasusi, aambiwa kozi, aambiwa jina, kisha alaumiwa kwamba hana msimamo. Asiyejua kazi yake akiwa na miaka 19 hana kosa. Kosa litakuwepo akitoka chuoni na miaka 22 akiwa bado hajui, na sehemu kubwa ya kosa hilo itawaangukia waliompokea kwa miaka mitatu, wakampa joho, wasimwulize hata mara moja aonaje.